Vumbi la Ovaroli ya Baba

Daktari aliuliza swali lake huku anatazama picha ya kifua cha mama, bila kututazama sisi.

"Nyumbani kwenu yupo mtu aliyefanya kazi ya ujenzi zamani? Kuezeka, kukata mabati ya asbesto?"

Mama alikuwa amelalia ubavu mmoja, kwa sababu kwenye ubavu wa pili alitiwa mpira wa kutolea maji kifuani. Alicheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Mume wangu. Hizo skuli za kaskazini ya Pemba zenye mapaa ya kijivu, nyingi kaezeka yeye."

"Na nguo zake za kazi alikuwa akizifua nani?"

"Nani mwengine, baba? Ana mke mmoja."

Daktari hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuwa jibu lile halikuwa mzaha. Mimi ni mtu wa kufikiri mno. Ukinipa jambo moja la kuhofia, mpaka jioni limeshazaa. Lakini siku ile, katika hospitali ile ya Dar es Salaam, sikuhitaji kuzalisha chochote. Nilielezwa, na nilichoelezwa kilitosha.

Alitueleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Pafu, alisema, limefunikwa na utando mwembamba, kama ule wa ngozi-ngozi unaoukuta kwenye yai la kuchemsha baada ya kumenya ganda. Ugonjwa wa mama unaitwa mesothelioma, na ni saratani ya utando huo. Mara nyingi chanzo chake ni asbesto, aina ya jiwe lenye nyuzi ambalo zamani lilichanganywa na saruji kutengenezea mabati. Bati likikatwa, likivunjwa au likikwanguliwa, nyuzi hizo hupeperuka zikiwa nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni. Mtu huzivuta na pumzi. Mwili hauwezi kuzitema wala kuzisaga. Zinakaa, na kukaa kwao kunaweza kuchukua miaka mingi kuliko umri wangu kabla ya mtu kuona dalili yoyote.

"Anaambukiza?" niliuliza.

"Hata kidogo."

Mama alifumba macho, nikaona bega lake limeshuka. Kabla ya kufika pale alikuwa amemeza vidonge vya kifua kikuu bila faida, na kijijini kikombe chake kilikuwa kimeshaanza kutengwa. Wengine walisema ni husda, kwa vile nilikuwa nimerudi na shahada. Nami kwa akili yangu hii nilikuwa nimeanza kujiuliza, usiniulize vipi, kama shahada yangu ndiyo iliyomwingia mama kifuani. Shahada yenyewe ni ya historia, na kazi bado inanikimbia.

Niliuliza kama inatibika. Daktari alisema ipo dawa ya kuichelewesha, yapo maji ya kutoa kila yatakapojaa, na maumivu hayaachwi bure. Neno kupona hakulitamka. Mama aliona kuwa hakulitamka, akamwambia, "Basi nipe hiyo ya kuichelewesha. Mie nna haraka ya kwenda wapi?"

Siku tuliyokuwa tunarudi Pemba, kijijini kwetu Gando, alinishika mkono. "Baba'ko mwambie saratani, basi. Ya nguo usimwambie. Mtu mzima yule, ataingia nayo kaburini."

Nikasema ndiyo. Nilimaanisha kwa moyo wote, na nilidumu na ndiyo yangu mpaka iliposemwa habari ya paa la chuo.

Chuo ninachokisema ni chuo cha Kurani, pale nilipojifunza alifu kwa kijiti. Paa lake ni la mabati hayo ya saruji, na baba ndiye aliyeliezeka kabla sijazaliwa. Sasa yalikuwa yamepatikana mabati mapya ya chuma, na mwalimu wa chuo alitangaza baada ya sala kuwa Jumapili kutakuwa na msaragambo: wanaume washushe paa, wanawake wapike, na mabati ya zamani yagawiwe nyumba kwa nyumba.

Mtu asiye wa kwetu atashangaa kwa nini mabati makuukuu yagawiwe kama nyama ya Idi. Sababu ni karafuu. Karafuu huanikwa juu ya jamvi, na jamvi likiwa juu ya ardhi tupu, unyevu hupanda alfajiri na karafuu zikachacha. Sasa hapa kwetu watu waligundua kuwa ukitandika bati la saruji chini ya jamvi, lile lenye mawimbi, hewa hupita chini na joto la mchana hukaa. Karafuu zinakauka upesi na rangi yake inapendeza. Aliyeanza ni mama yangu, kwa bati lililobaki kazini ambalo baba alimletea. Majirani wakaiga. Msimu ukikaribia utaziona nyua zote zina bati, na kila mwanamke analikwangua ukoga kwa panga na kulisugua kwa kumbi la nazi, kavukavu juani, mpaka linatoa unga mweupe. Kisha watoto hutumwa kupita juu ya jamvi miguu mitupu kuzigeuza karafuu. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilipenda lile joto la nyayo.

Yakiwa machache ya kugawana, mabati huvunjwa kwa nyundo ili kila nyumba ipate kipande. Hilo ndilo lililokuwa linatungojea Jumapili. Paa zima la chuo, nyundo, na kijiji chote kimekusanyika chini, watoto mbele.

Nilimpigia simu ofisa wa afya wa wilaya. Alinisikiliza vizuri. "Msiliguse," alisema. "Bati zima lililotulia mahali pake halina ugomvi mkubwa na mtu. Ugomvi unaanza mkilivunja. Linatakiwa lishushwe na watu wenye vifaa, lilowanishwe, lifungwe kwenye plastiki, lizikwe mbali na visima."

"Mtakuja lini?"

"Tutaangalia."

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo na maneno hayo. Aliniitikia kwa upole ule unaoonyesha kuwa mtu ameshakataa. "Inshallah, mwanangu. Lakini baba'ko ndiye fundi, na yeye hajasema kitu."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mkono uliopandisha paa ndio unaolishusha. Fundi aliyeezeka, maadamu yu hai, ndiye anayepanda kwanza na kutoa bati la kwanza. Baada yake ndipo wengine wapande. Asipopanda yeye, hapandi mtu. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kwenye mkono wa baba, na baba alikuwa haambiwi, kwa sababu mimi nilimwahidi mama.

Nilitunga sentensi za kumwambia bila kumwambia. "Baba, mabati yana vumbi baya." Angesema kila kitu kina vumbi. "Baba, serikali imekataza." Angesema serikali ndiyo iliyompa kazi. Nilizunguka nazo jikoni, chooni, kisimani. Mama aliniona midomo inacheza akaniambia, "Wee unasoma uradi gani mchana wote huu?" Nilikuwa nimeshaelewa kuwa hakuna sentensi inayozunguka. Ama nimvunjie mama ahadi yake, ama nikae uani siku ya Jumapili nimenye muhogo huku naisikia nyundo.

Baba nilimkuta chini ya upenu wa jiko, ananoa msumeno kwa tupa.

"Baba, Jumapili usipande."

"Ngazi nimeikagua, nzima."

"Si ngazi."

Nikamwambia yote. Nilianza na yai la kuchemsha, kwa sababu ndilo lililoniingia mimi, nikamalizia na swali la daktari. Tupa ilikuwa imesimama zamani.

"Nguo zangu," alisema. Hakuwa anauliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Alikuwa akizikung'uta kwanza, pale mlangoni, kabla ya kuzitia majini. Ile ovaroli ilikuwa ikija nzito kwa unga. Wee hujazaliwa. Vumbi likimjaa nywele, nami nikimtania, bibi harusi wangu kapakwa poda." Alitazama mlango wenyewe, kama vile mtu yumo. "Kwa hiyo mie ndiye niliyemtia maradhi."

"Hukujua."

"Kutojua kwangu kumemtoa maji kifuani?"

Mimi huogopa hata kubishana na muuza samaki. Lakini pale kitu kilinipanda ambacho sikukizoea, na sikukirudisha.

"Aliyekupa msumeno alikupa na kitambaa cha pua? Alikuambia neno lolote?"

"Aliniambia nifanye haraka, mvua zinakuja."

"Basi ugomvi wangu uko huko, baba, hauko kwako. Wapo watu waliolijua jambo hili zamani, mbali na hapa, wenye vitabu na madaktari, na mabati yakaendelea kupakiwa melini. Wewe ulipewa kazi ukaifanya vizuri. Mama alipewa nguo akazifua vizuri. Hao walioyajua siwezi kuwafikia. Jumapili naweza kuifikia."

Aliutundika msumeno ukutani, akanawa mikono, akaenda msikitini. Adhana ilikuwa bado kabisa. Siku zilizofuata hakulitaja jambo lile kwangu wala kwa mama. Alikula, aliswali, alimpa mama dawa zake. Nilimchunguza uso mpaka akaniambia nina macho ya mdai.

Jumapili wanawake tulikaa upande wa chuo na masufuria yetu. Mama tulimwacha nyumbani amelala. Wanaume walikuwa wameshafunga vikoi viunoni, vijana wanataniana nani atadondoka. Mwalimu wa chuo alisoma Fatiha. Kisha wakampa baba nyundo, naye akaenda mpaka kwenye ngazi akaweka mguu mmoja kwenye kipago cha kwanza.

Akasimama hivyo. Kisu changu kilikuwa ndani ya muhogo.

Akaushusha mguu. Akainama, akailaza nyundo chini.

"Mkono ulioyapandisha ni huu," alisema. "Leo haushushi hata moja."

Kwanza walicheka. "Fundi, magoti hayo!" kijana mmoja alipaza sauti. "Tupe baraka tupande sie!"

"Baraka sina."

"Mzee, usitutie nuksi siku ya kazi," alisema ami mmoja, mtu mwenye mikarafuu mingi na uwanja mkubwa, ambaye asubuhi ile alipita kwetu akasema, mama akisikia, kuwa anahitaji vipande vinne. "Kama huwezi sema huwezi."

"Nnaweza. Sitaki." Baba aligeuka upande wa masufuria. "Mwulizeni binti yangu. Mie nikianza kusema sitamaliza."

Sijawahi kutazamwa na wanaume wengi hivyo. Sentensi zangu zote zilikimbia. Nilisimama na kisu mkononi mpaka jirani yetu, rafiki wa mama wa miaka yote, akaninyang'anya. Nikasema nilichokuwa nacho. Nikasema ugonjwa wa mama si kifua kikuu wala si husda. Nikasema jina lake, wengine wakajaribu kulitamka wakashindwa. Nikaeleza nyuzi, utando, nguo za baba, na lile panga tunalokwangulia mabati kila msimu.

"Sasa hata bati lina saratani!" alisema yule kijana. "Kesho tutaambiwa ugali."

"Mwanangu," jirani yetu alisema, na yeye hakuwa anatania, "sote twafua nguo. Sote tumekwangua. Ingekuwa hivyo tungekuwa tumeshakufa."

"Si kila aliyevuta huugua, bi. Wengi hawaugui. Ndiyo maana halikujulikana. Linaokota mmoja hapa, mmoja kule, baada ya miaka, na kila mmoja tunamtafutia jini lake."

"Na karafuu tuanike wapi?" ami aliuliza. "Kichwani mwako?"

Kicheko kikubwa kikapanda. Katikati ya kicheko kile nilisikia watu wa nyuma wananyamaza, kimya kikaja mbele polepole, na nyuma yake akaja mama.

Alikuwa amejifunga kanga mbili na anatembea kwa kusimama, hatua chache, pumzi, hatua chache. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Alipofika kwenye kinu kilichopinduliwa aliketi, akanikazia macho mimi kwanza.

"N'shakwambia usimwambie baba'ko."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Umeshasema, kaa chini." Akamgeukia jirani yetu. "Shoga, njoo uweke sikio hapa mgongoni kwangu."

"Wee nawe, mbele za watu?"

"Njoo. Au waogopa nitakuambukiza, kama mlivyokiogopa kikombe changu?"

Yule bibi aliona haya, akaja. Alipiga magoti nyuma ya mama akaweka sikio juu ya kanga, upande wa kulia. "Nasikia pumzi," alisema.

"Hamia upande wa pili."

Akahama. Hata watoto waliacha kuchezea changarawe. Alikandamiza sikio zaidi, akashika pumzi yake mwenyewe ili asikie vizuri.

"Huku kimya," alisema hatimaye. "Huku hakuna kitu."

"Umesikia? Hapo ndipo lilipokaa bati." Mama alipumua, akangoja pumzi nyingine ije. "Nyinyi mmenitafutia jini, mmenitafutia husda, mkanitengea na kikombe. Mie nimekaa kimya nikidhani namstiri mume wangu. Ntu huyu hakuiba, hakuzini, aliezeka. Sina la kumstiri. Na msinitazame hivyo kama mnaoniosha. Sijafa."

Ami alikohoa. "Hatujasema umekufa, bi."

"Mmesema mwataka vipande vinne. Mie nawapa langu. Lile la uani kwetu, la kwanza kabisa, nililowafundisha nyote. Liondolewe hilo kabla ya la ntu yeyote, lizikwe. Msimu huu naanika chini."

Sitaki kudanganya kuwa kila mtu alishawishika. Ami aliondoka na panga lake bila kuaga, na vijana kadhaa wakamfuata wakinung'unika juu ya siku iliyopotea. Lakini hakupanda mtu. Mwalimu wa chuo alitafakari, akasema watoto watasomea kwenye ukumbi wa msikiti mpaka watu wa wilaya waje, na kama hawaji atawafuata yeye na kanzu yake. Chakula kilikuwa kimeshaiva, basi tukala. Baba alikula pembeni ya mama. Sikusikia walichoambiana, ila nilimwona mama anampiga kofi dogo la goti, kama anavyofanya mtu akimwambia mwenziwe, acha upuuzi.

Watu wa wilaya walikuja baada ya mimi kupiga simu mpaka wakalijua jina la kijiji kabla sijajitambulisha. Walikuja na barakoa nene, si zile za kitambaa, na nguo za kuvua na kutupa. Walilimwagia paa maji kama wanaoosha maiti, wakafungua misumari badala ya kupiga nyundo, wakafunga kila bati kwenye plastiki. La kwetu walilichukua siku hiyo hiyo. Pale lilipokuwa, udongo ulikuwa mweupe na laini, nao wakaulowanisha, wakauchota, wakautia kwenye mifuko ya plastiki.

Msimu ulikuja na mvua zake. Karafuu zetu za mwanzo zilishika unyevu, nyingi zikageuka mpeta, zile nyeupe-nyeupe zilizochacha, na tulisikia maneno. Baba alitengeneza vichanja vya fito vya kuinulia majamvi. Si vizuri kama bati, mama husema wazi kila asubuhi, lakini vinafaa. Baba siku hizi anafua nguo zake mwenyewe pale kisimani, anaziloweka kwanza ndipo azitikise, ingawa hakuna vumbi tena la kuogopa. Wanaume wakipita wanamcheka. Anawauliza kama wana nguo wamletee.

Mama amerudi kutolewa maji, na atarudi tena. Sijui mpaka lini. Kujua kumenipunguzia kitu kimoja tu: zamani nilikuwa naogopa kila kitu, sasa naogopa hiki, na hiki kina jina.

Ami bado analo bati uwanjani kwake. Njia ya sokoni inapita pale, na hata siku nisiyo na haja ya soko mimi hupita.

"Asalaam alaykum, Bibi Saratani," huniamkia kwa sauti ili wote wasikie.

"Wa alaykum salaam, ami. Bado lipo?"

"Lipo. Linakusalimu."

"Usilikwangue. Na wajukuu wasipite juu yake."

Wiki iliyopita nilikuta jamvi lake limeinuliwa juu ya fito, bati lipo pembeni ukutani, limefunikwa turubai. Hakusema kitu, nami sikumsifu, nisije nikaliharibu jambo. Nilifika nyumbani nikamkuta mama anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kanga imemteleza begani, pumzi inaingia upande mmoja.

"Kalitoa?" aliniuliza.

"Kalifunika."

Alifikiri kidogo, vidole havijasimama. "Kufunika si kutoa. Kesho pita tena."